Viatu vya Madam Sifa

Ko. Kimya kidogo. Halafu ko tena. Ni sauti ya viatu viwili vya kike vikiwekwa juu ya mbao za jukwaa, kimoja kwanza, kisha mwenzake, vikapangwa sambamba kama vile mtu mwenye adabu anavyopanga viatu vya mgeni mlangoni. Ukumbi siku hiyo ulijaa mpaka vijana wengine wakakalia madirisha, na mimi nilikuwa benchi ya mwisho kabisa, na bado nilivisikia vyote viwili. Hakuna aliyekohoa. Hata wauza njugu walisimama na mikono ndani ya vikapu. Nimesikia vishindo vingi Eastlands tangu hapo, transfoma ikilipuka, ukuta wa ploti ukiangushwa na mvua, lakini hakuna kilichonishtua kama sauti hiyo ndogo ya mtu kuweka viatu chini polepole.

Nilidhani imekwisha kuniacha. Siku hizi nina kibanda changu, cherehani mbili na msichana wa kunisaidia, na kelele za kazi hufunika mengi. Kisha juzi nikaalikwa harusi huko Donholm, nikaenda kwa sababu magauni ya wasimamizi niliyashona mimi na nilitaka kuona kama zipu zitavumilia pilau. Aliyeshika maiki kuwachekesha wageni alikuwa Barasa. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule. Tulijificha nyuma ya hema, kila mtu na sahani yake. "Nafu! Kumbe uko hai?" akaniambia. Nikamjibu niko, na yeye kumbe alimmeza Madam Sifa, anaonekana hapo tumboni. Akacheka mpaka wali ukamtoka. Ndipo nikamuuliza kama yeye pia huwa anasikia vile viatu. Akatikisa kichwa. Alisema hakumbuki sauti hata moja ya siku hiyo, si makelele, si matusi, si viatu. "Nakumbuka utosi wa mathe," akasema, yaani mamake. "Kitambaa kilikuwa kimeteleza. Maze, sikuwa nimewahi kuuona kichwa chake kutoka juu. Nywele zilikuwa zimeisha hapo katikati, na mimi hata sikuwa najua." Akaiweka sahani chini na hakuigusa tena. Tangu jioni hiyo mwaka wote umenirudia, na nimeona niuandike ungali moto.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiachia kidato cha pili, na mambo niliyoyajua yalikuwa mawili: kukata kitambaa bila kukiharibu, na kuota mchana nikiwa macho. Nilijiona nikishona magauni ya watu wa jukwaani, yale ya kumeremeta, na jina langu dogo limetariziwa ndani ya ukosi. Mama Damari, aliyenichukua kazi, alikuwa akiniona nimekodoa macho dirishani ananigonga na rula, "Rudi, Nafula, rudi, umefika Ulaya bila nauli." Chumba chake kilikuwa kwenye ploti moja nyuma ya Jogoo Road, upande wa Makadara, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua yaliyopauka. Upande wa mlangoni ndiyo kazi: cherehani, meza ya kukatia, benchi ya wateja, na godoro langu lililosimamishwa ukutani mchana. Upande wa ndani ndiyo nyumbani: kitanda, jiko, masufuria, na kochi alilolalia Barasa, mwanawe wa pekee. Pazia lilizuia macho tu. Kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili, na mimi ndivyo nilivyolelewa mwaka ule, kwa maneno ya nyuma ya pazia. Nilijua nani ameota nini, nani anagombana na bwanake, na githeri ya jana imebaki ya watu wangapi.

Barasa aliuza viatu vya mitumba Gikomba siku za wiki. Jumamosi alikuwa Madam Sifa. Mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza alishtuka, nami nilishtuka, ingawa ni mshtuko wa raha. Alikuwa akiketi mbele ya kioo chake, kilichopasuka kona moja, akapaka poda, akachora nyusi, akavaa wigi ya mawimbi na viatu vyekundu vyenye visigino vya kutisha, halafu akasimama, na yule aliyesimama si Barasa tena. Ni mama mmoja wa mtaa mwenye madharau, anayejua siri za kila nyumba, anayetembea kama barabara ni ya babake. Aliimba, alicheza rumba, alisuta wanaume. Watu walimtunza mpaka anakosa pa kuweka maua. Na usidhani mamake alifichwa. Mama Damari ndiye aliyemkosoa. "Hicho kiuno umekiweka juu sana, baba. Sisi tukichoka hatutembei hivyo, tunatembea hivi," naye huyo, mwanamke wa kanisa, anapita katikati ya meza na cherehani akitingisha makalio, mimi niko chini nimeshika mbavu. Kitenge cha Madam Sifa kilikuwa cha mama huyo huyo. Hata kanisa lao lilimpenda. Kwenye harambee ya kununua mabati alialikwa, akaigiza mke anayechelewa ibada makusudi ili kila mtu aone gauni lake, na Mzee Yese, kiongozi wao, mtu mpole aliyestaafu kazi ya kanjo, ya kufagia barabara za jiji, alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho na ncha ya kanzu.

Kanzu. Hapo ndipo lazima nieleze, kwa sababu mambo yote yalikwama hapo. Lilikuwa kanisa dogo, Roho ya Mapambazuko, la watu waliotoka huko kwetu magharibi. Jumapili walipita mtaani wakiwa wamejipanga, bendera mbele, ngoma nyuma, miguu mitupu. Mama Damari ndiye aliyeanzisha nyimbo, na ndiye aliyewashonea kanzu zote, nyeupe, msalaba wa kijani kifuani. Ya mwanamke ilikuwa na mikono mipana na mkanda wa kijani pia. Lakini huwezi tu kuja ukasema nishonee. Kanzu huotwa. Mtu anaiona usingizini, anawaeleza wazee, wazee wanaifasiri, ndipo anavikwa. Anayeishona hafungui kinywa kwa chakula mpaka amalize. Haipimwi kwa utepe wala haijaribiwi mbele ya kioo; mwenyewe hajioni ndani yake mpaka anazikwa nayo. Nilimuuliza Mama Damari sababu, akiwa ameshika pini mdomoni. "Kwa sababu kwenye ile si wewe unayeonekana," akasema, na kuendelea kukunja pindo. Na juu ya yote, ukiwa ndani ya kanzu huvai kiatu. Hata ndala. Hata mvua inyeshe, hata lami iwake. Mimi nilikuwa wa kanisa jingine, tena la kwenda Krismasi na Pasaka, lakini zile kanzu nilizikata polepole kuliko kitambaa kingine chochote.

Katikati ya mwaka Mama Damari alisafiri kwenda matanga ya ndugu yake Busia. Asubuhi moja nikaamshwa na cherehani. Nikachungulia kutoka kwenye godoro, nikamwona Barasa amekunja mgongo juu ya kitambaa cheupe. Nilidhani anamsaidia mamake. Kisha nikaona mkanda wa kijani. Nikaketi. "Barasa, hiyo ni ya nani?" Akaendelea kushona. Nilipomletea chai na mkate alisukuma kikombe. "Siwezi kula, Nafu. Si unajua." Hapo nikaelewa. Alikuwa amefunga. Nikamtazama vizuri: utepe ulikuwa umening'inia pale pale msumarini, na kioo chake, kile alichokaa nacho kama mke, alikuwa amekigeuza kikatazama ukuta. Alishona kutwa nzima hivyo, mtu aliyezoea kujipima na kujitazama kwa kila pini, sasa anashona kama kipofu, kwa vidole tu. Jioni akanieleza. Alipokuwa mtoto mdogo aliota kanzu. Si ya wanaume. Ile ya mkanda. Alimwamsha mamake akamwambia, na mamake akamwambia arudi alale. "Nikarudi nikalala," akasema, akicheka kidogo. "Nimelala miaka yote hii." Alitaka kuiweka kwenye onyesho lake la mwisho wa mwezi ukumbini. Madam Sifa, mwenye madharau yote, anaingia kusuta watu kama kawaida, halafu katikati ya mdomo wake mrefu anashukiwa na Roho, anaimba wimbo wa mapambazuko, ule mamake aliouanzisha kila Jumapili.

Nilimwambia mara moja wataudhika. Mimi mwoga wa ugomvi, sijui kunyamaza nikiona mtu anaelekea shimoni. Alikuwa na jibu tayari, na aliamini jibu lake kabisa. "Sivui viatu," akasema. "Umeelewa? Kanzu na viatu vyekundu. Kanzu yenye viatu si kanzu, ni vazi la mchezo, kila mtu wa kanisa atajua papo hapo. Nikivua ndiyo itakuwa ibada, na hapo nitakuwa nimewaibia. Nikivaa, ni usanii tu. Nimewaachia mpaka." Nilimtazama. Mtu aliyezaliwa nje ya kanisa hilo hangewaza hivyo hata kidogo. Ni mtoto wa kanzu tu angeweza kukosea namna hiyo, kwa kujua sana. Alidhani viatu ndivyo heshima atakayowapa. Kwao, ndivyo tusi lenyewe. "Mwambie mathe kwanza," nikamsihi. Akasema atamwalika, aone kwa macho yake. Na kweli alimwalika, ila alichomwambia ni neno moja: "Nimekutengenezea kitu, mathe."

Jumamosi yenyewe, saa za alasiri, nilikaa benchi ya mwisho na Mama Damari, aliyekuwa amerudi kutoka Busia. Alikuwa amejifunga kitambaa kipya cha kichwa na anamnunulia kila mtu njugu. Mistari ya mbele kulikuwa na vijana wa kanisa lao, wamekuja kama kila mara kumcheka Madam Sifa. Naye akaingia na koti refu jeusi, akasuta landilodi, akasuta wanaume wa mpira, akawasuta wanaokopa sukari na kurudisha hadithi. Ukumbi ukawaka. Mama Damari alinipiga bega kwa kicheko. Kisha Madam Sifa akasimama katikati ya sentensi kama mtu aliyeitwa jina. Koti likaanguka.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni vicheko. Hilo ndilo hunishtua hadi leo, kwamba watu walicheka zaidi. Waliona mwanamume mwenye wigi na mdomo mwekundu ndani ya kanzu ya akina mama wa kanisa, viatu vikimeremeta chini ya pindo, wakaona ni kilele cha utani. "Nabii Sifa!" mmoja akapiga kelele. "Tutabirie mechi!" Simu zikainuliwa. Barasa akaanza wimbo. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba kwa sauti yake mwenyewe. Madam Sifa aliimba juu, puani. Sasa sauti ilitoka chini kabisa, polepole, ile ile ya mamake, na kadiri alivyoimba ndivyo walivyocheka. Kule mbele vijana wa kanisa walikuwa wamesimama. Msichana mmoja wao alikuwa analia kwa hasira. "Vua hiyo!" akapaza. "Vua nguo ya mamangu!" Chupa ya soda, ya plastiki, ikaruka ikampiga kifuani juu ya msalaba. Barasa hakuinama wala hakuacha. Lakini macho yake yalikuwa yanatafuta mlango, na nilijua amegundua kwamba ule mpaka wake hakuna anayeuona.

Nilipogeuka benchi ilikuwa tupu. Mama Damari alikuwa amekwisha kufika katikati ya ukumbi. Watu walimpisha, kwa kuwa walimjua, na wengine wakafurahi. "Mathe amekuja na kiboko!" "Mchape, mama!" Alipanda zile ngazi za kando akishika ukuta. Akamkaribia mwanawe, na mimi nikafumba macho nusu. Nikaona anapiga magoti. Sikuelewa. Hakuna aliyeelewa. Akaushika mguu wa kulia wa Barasa kwa mikono miwili, kama unavyoushika wa mtoto aliyelala, akachomoa kiatu, akakiweka kando. Ko. Barasa akayumba, akamshika bega. Akauchukua wa kushoto. Ko. Akavipanga. Kisha akainuka kwa shida, akarudi nyuma hatua chache, akasimama kando huku ameinamisha kichwa, namna walivyosimama kanisani mtu anapoimba.

Barasa alimalizia wimbo peku. Hakuna aliyecheka tena. Ulipoisha hakuna aliyepiga makofi pia. Watu walitoka wakitazama sakafu kama wametoka kuona ajali.

Siku zilizofuata niliishi ndani ya kelele. Video zilienda kila mahali, nyingi zikakatwa kabla mama hajapanda. Wengine walimwita Barasa shetani, wengine shujaa, na hao waliomwita shujaa hawakujua hata kanzu ni nini. Walifurahi tu kwamba dini imechekwa. Yeye maneno yao yalimuumiza kuliko ya waliomtukana. "Sikumcheka mtu mimi," alikuwa akisema, akizunguka chumbani. Vijana walipoanza kumvizia kwenye lango la ploti, mamake alimfungia nguo, akamtuma kwa rafiki yake Kayole, gizagiza la asubuhi. Wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Hawakugomba. Mama mmoja alisema ameghairi tu rangi. Kanzu nyeupe, ameghairi rangi! Bi Mwanaidi wa Majengo, aliyekuwa akituletea mahamri, ndiye pekee aliyekaa kwenye benchi kama zamani. "Mimi ningekuwa kwetu msikitini mtu akafanya mchezo wa hivyo, mwanangu, ningepandwa na wazimu," akaniambia bila kuficha. "Lakini yule mama kavua viatu. Kavua. Sasa hapo mimi nimkasirikie nani?" Akatikisa kichwa akaniachia mahamri mawili ya ziada.

Kisha Mzee Yese akaja. Alivua kofia mlangoni, akapita upande wa ndani, na mimi nikabaki kwenye cherehani nimeshika gurudumu lisigeuke. Nilimsikia akipuliza chai. Hakupaza sauti hata mara moja, na hiyo iliniogopesha zaidi.

"Damari, dada yangu. Unajua mimi nilimcheka huyo kijana mpaka miwani ikanitoka. Akituigiza tukilewa, tukigombana, tukichelewa ibada, nilicheka. Ni sisi, tuko hivyo."

"Najua, mzee."

"Nimefagia hizi barabara maisha yangu yote. Jumapili nikipita juu yake na kanzu, watoto hutufuata wakipiga madebe. Wakubwa hujiziba pua. Mbele ya makanisa makubwa sisi ni watu wa kuchekesha. Sawa. Tumewaachia waicheke miguu yetu, ngoma zetu, Kiswahili chetu. Kanzu ndicho kitu kimoja hatukuwahi kuwapa. Na mtoto wetu mwenyewe ndiye aliyewapelekea."

Mama Damari akasema, "Hakuwapelekea wacheke."

"Lakini walicheka."

"Walicheka, mzee."

Nami huku nje ya pazia machozi yananitoka, kwa sababu nilimpenda Barasa na sasa nilikuwa namwelewa mzee huyu pia, na kichwa changu kidogo hakikuwa na mahali pa kuwaweka wote wawili. Mzee akaendelea. Wazee wamekaa. Barasa hana kanisa pale tena, hilo limepita. Lakini kuna waliosema kwamba mama, kwa kupiga magoti na kumvua viatu, aliugeuza mchezo ukawa ibada, akaikubali kanzu ya uongo mbele ya watu. Jumapili asimame aseme alifanya vile kwa aibu na uchungu, kama mama yeyote. "Sema hivyo tu, Damari. Neno moja. Uendelee kutuimbia. Mimi sitaki kuzikwa na wimbo wa mtu mwingine." Nilimsikia akivaa kofia. Jioni hiyo tulikula ugali na omena, na alinihamishia omena zake zote kwenye sahani yangu, moja moja.

Nilitaka aseme. Naandika wazi: nilitaka aseme lile neno moja, arudishiwe nyimbo zake, wateja warudi, benchi ijae. Ni uongo mdogo, nilijiambia, Mungu ataupita kama tunavyopita matope. Lakini sikuweza kumsihi. Kila nilipofungua mdomo niliona mikono yake miwili kwenye kifundo cha mguu wa mwanawe.

Jumapili nilimsindikiza. Walisali kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa mabati, viatu vyote vikiachwa langoni, na mimi nisiye na kanzu nikakaa pale kwenye viatu, naona kila kitu. Mzee Yese alimwita. Akasimama mbele, mfupi, mweupe tupu ndani ya kanzu, mkanda umekaza.

"Watu wangu," akasema. "Nimeambiwa niseme nilipiga magoti kwa aibu. Aibu ilikuwepo. Nilipoona visigino chini ya kanzu nilisikia kama mtoto amesimama kwenye moto na hajui. Lakini sikupiga magoti kwa aibu. Nilipiga magoti kwa sababu ya wimbo. Alikuwa anauimba kwa kweli. Nyinyi mnanijua, wimbo huu naujua ukiimbwa kwa kweli na ukiimbwa kwa mdomo."

"Mwanamume, na mkanda wa mama!" mtu akasema kwa ukali. Sauti zikapanda.

"Hilo sijui," akajibu. "Sikupewa kufasiri. Alikuja akaniambia ndoto yake akiwa mtoto, wa kunifikia hapa kiunoni. Nikamwambia alale. Sikuwaletea nyinyi wazee. Labda mngemkataza vizuri, labda mngemfundisha, sijui. Kama kuna kosa la mtu kuipeleka ndoto yake ukumbini, kosa hilo lilianza kitandani kwangu."

Mzee Yese alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Damari," akasema, karibu anaomba. "Neno moja."

"Siwezi kuwaambia uongo nikiwa ndani ya hii," akasema Mama Damari.

Akafungua mkanda. Nilidhani anaulegeza tu, apumue. Akapitisha juu ya kichwa msalaba na mikono ile mipana, na kanzu ikatoka, kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya kila mtu, na chini yake alikuwa na lile gauni lake la maua la kupikia. Wanawake wakapiga ukemi mmoja, si wa furaha. Hakuna aliyewahi kuona hivyo. Mbele ya watu kanzu huvuliwa mtu na wazee tu, na hata kifo hakimvui. Aliikunja kama tulivyokunja za wateja, mikono ndani, msalaba juu, akaiweka kwenye kiti cha Mzee Yese. Mzee alifunika uso. Ngoma, ambayo hata sikuwa najua ilikuwa inapigwa kwa chini, ikanyamaza.

Alinipita pale langoni bila kunitazama. Nilichukua ndala zake nikamkimbilia, "Mama, ndala! Mama!" Akaniambia, "Niache nifike, Nafula," akaendelea kutembea na gauni la maua, peku, mtaa mzima ukimtazama kutoka milangoni. Hajarudi kanisani humo mpaka leo. Yuko Busia, ana kuku wake, na husali barazani peke yake, kwa sauti kubwa, majirani wakitaka wasitake. Barasa humtumia sukari. Madam Sifa bado yupo, hutokea kwenye sherehe za watu, lakini kanzu hakuigusa tena, na sikuthubutu kumuuliza kama ni kwa sababu alikatazwa au kwa sababu alikuwa amekwisha kuivaa.

Tulipofika chumbani ndipo nikaona damu kwenye saruji, alama ya kisigino, tena na tena, kutoka mlangoni hadi kitandani. Nilimwosha kwa maji ya chumvi. Kipande cha chupa kilikuwa kimeingia sana, cha kijani, na nilipokuwa nakitoa hakusema hata aah. Alilala akitazama ukuta. Nilipohakikisha anapumua sawasawa nilichukua kipande cha katoni nikatoka. Jua lilikuwa bado halijazama. Mahali alipojikata palikuwa kando ya baa moja, pale njia inapopinda. Mtu alikuwa amevunja chupa usiku wa Jumamosi na vipande vilikuwa vimezagaa mpaka katikati. Wapita njia wenye viatu walivikanyaga tu vikalia. Niliwaza Jumapili ijayo, bendera mbele, ngoma nyuma, Mzee Yese na yule msichana aliyelia na wale wote waliopiga ukemi, wakipita hapo hapo na miguu mitupu. Nilichuchumaa. Nikaanza kuokota, vikubwa kwanza, halafu vile vidogo visivyoonekana mpaka uinamishe kichwa upande wa mwanga, nikiviweka kwenye katoni, nikipapasa vumbi kwa kiganja kuhakikisha.